Mato Mawili, Matatu Mawili

Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili, walimu wakuu na wakufunzi wa lugha, Mombasa

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Itifaki naomba tuihesabu imezingatiwa, maana nikianza kutaja wakubwa mmoja mmoja adhana ya adhuhuri itanikuta bado niko kwenye salamu, na mimi nimepewa nusu saa tu. Walimu wakuu wenzangu, na naendelea kuwaita wenzangu ingawa nilishastaafu, nimewaona mmejipanga nyuma karibu na mlango. Najua kwa nini: simu ikilia kutoka shuleni, mtoke bila kusumbua mtu. Kaeni huko huko, sina kinyongo.

Nilipoletewa mada ya leo, utafiti wa uzamili katika uongozi wa shule, elimu ya jamii na mafunzo ya lugha kazini, niliona ni mizigo mitatu iliyofungwa kamba moja na mtu mwenye haraka. Kisha nikakumbuka kisa kimoja, nikaona kamba ipo kweli.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia kusoma rasimu zake alikuwa akitafiti jinsi wazazi wanavyoshiriki katika uendeshaji wa shule. Ametoka bara, bidii anayo, Kiswahili chake ni kile cha darasani kilichonyooka kama rula. Akaenda Mji wa Kale, akamhoji mzee mmoja, akarekodi kwa simu. Mzee anaeleza habari za pesa za ukuta wa shule, nani alichanga, nani alizipokea. Anasema: "Hayo naliyaona kwa mato yangu haya mawili." Mato kwa Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, ni macho.

Kijana akaandika: "Hayo niliyaona kwa matatu yangu haya mawili."

Sarufi haina kosa hata moja, lioneni wenyewe. Upatanisho umekaa sawa, ndiyo maana hakushtuka. Lakini mambo hayakuishia hapo. Kufika sura ya nne, sentensi imeshavuka kuingia Kiingereza, na mzee wangu, mshona kofia ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli, amekuwa mfanyabiashara mwenye magari mawili ya abiria. Kufika sura ya tano, tunaambiwa kwamba wanaosikilizwa shuleni ni wazazi wenye uwezo. Nilimwita kijana, nikamwambia hebu tuisikilize ile sauti. Tukaisikiliza mara tatu. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, na swali lake ndilo lililonileta hapa mbele yenu: "Mwalimu, hili tumelikamata kwa sababu linachekesha. Yasiyochekesha yamepita mangapi?"

Mji huu ndio uliokuwa mwenyeji wa mkutano wa 1928 ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wageni walikuja kwetu, wakakaa kwetu, wakapitisha lahaja ya jirani. Sisemi tufungue kesi upya. Kiswahili sanifu kimenilisha mimi na wanangu miaka thelathini na kitu. Nasema tu kwamba mtu wa Mvita akikwambia mato, ndiya, nti, yaani macho, njia, nchi, hajakosea. Hajakosea na wala hatakusubiri umwelewe. Atamaliza maneno yake, atakukaribisha kahawa, utaondoka.

Sasa twende kwenye hojaji, na hapa wanafunzi mnisamehe, nitakaa kidogo.

Nimesoma tasnifu nyingi za uongozi wa shule. Nyingi zina hojaji moja, imebadilishwa koti tu. Kauli ishirini au thelathini, kila kauli na visanduku vitano: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Kipimo hiki alikitoa Rensis Likert, Mmarekani, mwaka 1932. Sina ugomvi nacho. Mahali pake kinafanya kazi, na mtu aliyekizoea anakijaza kwa dakika kumi. Mwaka huo huo wa 1932, hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa anatoa gazeti lake la Al-Islah, akiwauliza Waislamu wa pwani maswali mazito kuliko yetu haya: elimu mmeiacha wapi, na binti zenu je? Yeye hakuwapa visanduku. Aliuliza kwa lugha wanayobishania barazani, na ukiuliza hivyo unabishiwa. Kubishiwa ndilo jibu lenyewe.

Mimi kisanduku kilinifunza adabu Kisauni, nikifanya utafiti wangu wa uzamili. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mwalimu mkuu, najiona najua. Nimeketi kwenye kibaraza cha mama mmoja, hojaji nimeifasiri mwenyewe, namsomea. Mwalimu mkuu hushirikiana na wazazi katika maamuzi? "Nakubali sana." Mwalimu mkuu ana maono? "Nakubali sana." Shule hutoa taarifa za fedha kwa uwazi? "Nakubali sana." Kufika ya tisa nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, mama, hakuna hata moja usiyoikubali? Akanitazama kwa huruma. "Baba, umekuja na jua hili lote, umeketi kwangu. N'takukatalia vipi?"

Hiyo haimo katika vitabu vyetu vya mbinu za utafiti, na mimi naiona ni kubwa kuliko yote yaliyomo. Pwani hii mgeni hakataliwi. Ukipeleka kipimo ambacho jibu lake la kweli linahitaji mtu akukatalie usoni, utapima ukarimu, si uongozi wa shule. Nikafunga makaratasi. Nikamuuliza: ule ukuta mpya wa shule, nani aliamua ujengwe? Alizungumza dakika arobaini. Nilijua nani aliitwa kwenye kikao na nani hakuitwa, mchanga ulitoka wapi, na kwa nini fundi alikuwa shemeji wa mtu fulani. Uongozi wa shule wote ulikuwemo humo ndani ya huo ukuta.

Walimu wakuu huko nyuma mnacheka. Mnajua.

Na hapa niseme la kwangu. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo barua za kuwaita wazazi mkutanoni nilikuwa naandika kwa Kiingereza. Hakuna aliyeniamuru. Kiswahili ni lugha ya taifa, na Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Niliandika hivyo kwa sababu mwalimu mkuu aliyenitangulia aliandika hivyo, na faili lilikuwa na mfano. Barua inapelekwa nyumba ambayo baba ni kuli bandarini na mama anauza viazi karai, inamwarifu kwamba anaombwa kwa heshima ahudhurie, na yeye anaigeuza huku na huku kutafuta tarehe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka Bodi ya Usimamizi iwe na wawakilishi sita wa wazazi. Sita wangu walikuwepo. Muhtasari wa kikao ulisomwa kwa Kiingereza, wakatikisa vichwa, wakatia sahihi. Baadaye, nilipofanya utafiti wangu katika shule jirani zenye tabia kama yangu, niliandika kwa fahari kwamba kikwazo kikubwa cha wazazi kuja mikutanoni ni lugha ya barua. Niliona nimegundua kitu, tena nimejihukumu mwenyewe kiungwana. Tutarudi hapo.

Kabla sijaacha mambo ya shule: mtu akitafiti uongozi wa shule Mombasa akaiacha madrasa nje, amepima nusu ya siku ya mtoto. Mtoto wa Majengo au Bondeni anatoka shule anabadilisha nguo anaingia chuoni kwa maalim, na Jumamosi yuko huko tangu asubuhi. Mzazi akiwa na wasiwasi na mwanawe, mara nyingi anamwendea maalim kabla hajaja kwangu. Mwalimu mkuu mwerevu analijua hilo na ana namba ya simu ya maalim. Tasnifu nyingi hazina hata mstari.

Elimu ya jamii. Sisi wa Kenya tuna neno gumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, na neno lenyewe lina aibu ndani yake. Mtu mzima anaficha daftari chini ya leso asionekane anakwenda gumbaru. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulisema watu wazima wanaojua kusoma na kuandika nchini ni asilimia 61.5. Namba hiyo inatajwa kila mahali, na mimi siipingi. Lakini nilipokwenda na dodoso la kisomo kwa bibi mmoja wa Kuze, nikamuuliza unajua kusoma, akasema hajui. Msahafu uko mapajani mwake. Nikamuuliza, na hicho? Akasema, "Hiki si kusoma, hiki ni kusoma Kuruani." Akainuka akanitolea barua ya marehemu mumewe kutoka Lamu, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, akanisomea mwanzo mpaka mwisho bila kusita. Miwani hana. Kwenye dodoso langu alikuwa na kisanduku chake: hajui kusoma.

Ukimuuliza anataka kujifunza nini, hakwambii anataka elimu ya kudumu. Anataka kusoma ujumbe wa M-PESA mwenyewe, asimpe mjukuu simu halafu mjukuu ajue bibi ana shilingi ngapi. Hilo ndilo somo. Lina namba, lina herufi za Kilatini, lina kutoa na kujumlisha, na lina siri yake ambayo ni motisha tosha. Tanzania mwaka 1973 walifanya kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vitabu vya Kiswahili, watu kiasi cha milioni mbili wakakaa katika vikundi kusikiliza na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Majadiliano yaliisha kwa jembe. Paulo Freire kule Brazil alipofundisha wafanyakazi kusoma, mapema miaka ya 1960, alianza na maneno waliyokuwa nayo mikononi, mfano neno lao la tofali. Mtu anayejenga nyumba za wengine analiona tofali ubaoni, analitambua, herufi zinamfuata. Sisi tunaanza na a, e, i, o, u kwa mama wa miaka sitini.

Mafunzo ya lugha kazini nitawapeleka hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Msiniulize ipi.

Mama mmoja wa usafi wa vyumba alipelekwa mafunzo ya Kiingereza pamoja na wenzake. Wakafundishwa kumsalimu mgeni, kumtakia safari njema, kumweleza kiamsha kinywa kinapoandaliwa. Yeye anaongea na wageni miaka kumi na tano. Kijerumani anacho cha kutosha kumfariji mzee wa Kijerumani aliyepoteza kofia, Kiitaliano kidogo cha kuokoteza. Akaniambia, "Kuongea sina shida nako, mwalimu. Kinachonitoa jasho ni kile kitabu." Kitabu cha zamu. Zamu ya mchana inaandika kasoro za vyumba, zamu ya jioni na mafundi wanasoma, na kila kitu ni kwa Kiingereza kwa sababu meneja anakipitia.

Siku moja dari ya bafu ya chumba fulani ikaanza kudondosha maji. Akaandika namba ya chumba, na mbele yake akatafsiri neno kwa neno kilichokuwa kichwani mwake: maji yanakuja. Fundi akaja, akasoma maji yanakuja, akamshukuru Mungu akaenda kula. Mko Mombasa, sina haja ya kuwaeleza. Mji huu unaokunywa maji ya Mzima na Baricho na Marere na Tiwi, mfereji unaweza kukauka siku mpaka wiki. Mtu akikwambia maji yanakuja, amekuletea bishara. Unatafuta ndoo, hutafuti bisibisi. Magharibi plasta ilianguka juu ya begi la mgeni.

Aliandikiwa barua ya onyo. Mimi nilimuuliza katika mafunzo yale yote kama neno kuvuja lilifundishwa. Halikufundishwa. Wala kuziba, wala kukatika, wala kuteleza. Vitenzi vinne! Kazi yake nzima ya kuandika ilikuwa inahitaji labda vitenzi ishirini na majina ya vitu hamsini, na mtu mmoja wa kukaa na kile kitabu mchana mmoja akikisoma kurasa za nyuma aone watu wanaandika nini na wanakwama wapi. Wataalamu wa fani hii wanakuita uchanganuzi wa mahitaji. Mimi nakuita kufungua kitabu cha zamu. Mabaharia walielewa zamani: Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari lilipitisha mwaka 2001 orodha ya sentensi maalumu za mawasiliano ya melini, fupi, zisizo na maana mbili, kwa sababu nahodha Mfilipino na rubani wa bandari ya Kilindini hawana nafasi ya kufahamiana kwa mashairi. Hakuna aliyeanza na salamu.

Waajiri mlioko hapa, mnatoa ushuru wa mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Msiende kununua kozi kabla hamjafungua kitabu. Na wewe mwanafunzi unayetafuta mada, nenda kaombe kurasa mia za kitabu cha zamu, funika majina, uchambue. Utapata tasnifu nzuri kuliko hojaji mia mbili, na hutahitaji lile jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 linalokwambia kwamba watu 1,000 wanawakilishwa na 278. Jedwali hilo mnalipenda mno. Nawaona mnakimbilia kwake kabla hamjajua swali lenu ni nini.

Nimebakiwa na dakika chache, mwenyekiti ananitazama kwa upole. Nimalizie kuhusu kurudi.

Mtafiti Kenya anatafuta leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Anapita kaunti, anapita shuleni, kila mahali mhuri. Akimaliza, nakala ya ripoti inakwenda kwa tume, nakala nyingine chuoni, zimejalidiwa vizuri na maandishi ya dhahabu. Anayejibu maswali hapati kitu. Mimi niliona vibaya, nikatengeneza kurasa mbili za Kiswahili, maandishi makubwa, nikarudi Kisauni kuwasomea wale niliowahoji. Nilikuwa na jina la kila mmoja kwenye daftari langu, lakini kwenye tasnifu walikuwa namba tu.

Yule mama wa "n'takukatalia vipi" alisikiliza yote. Nikafika mahali pa barua. Nikamsomea kwamba wazazi hawaji mikutanoni kwa kuwa barua huandikwa kwa Kiingereza wasichokielewa, na chini yake maneno ya Mhojiwa wa 14.

"Kumi na nne ni nani?"

Nikamwambia ni wewe, mama. Tumekuficha jina.

"Basi hapo mumekosea." Akasogeza kiti. Leo nilikuwa si mgeni tena, nimekuja mara ya tatu, ananikatalia vizuri tu. "Barua n'lisomewa na mjukuu, nikaielewa. Tarehe n'liijua, na saa n'liijua. Mkutano mwauweka saa mbili asubuhi. Saa mbili mimi nina karai la mahamri motoni, na ndiyo pesa ya siku. Hata mungeniandikia kwa Kimvita chenyewe, n'singeliacha karai langu nikaja."

Nikarudi kwenye maandishi ya mahojiano yake. Lilikuwemo. Ukurasa wa tatu, karai limetajwa mara mbili, na mimi nililipita kwa sababu nilikuwa natafuta lugha.

Tasnifu ilikuwa imeshajalidiwa na shahada nimeshapewa. Nakala yangu iko nyumbani. Ukurasa ule nimeukata mstari kwa kalamu nyekundu, pembeni nimeandika "karai, saa mbili", na yeye akatia sahihi yake chini, kwa herufi za Kiarabu.

Ahsanteni.